Langalanga ya Spa kusimamishwa kwa mvua: nani anayetakiwa kusema "simama"?

Dereva wa Nkuhungu

Wakuu, habari za Jumatatu. Mimi ni dereva wa lori, nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, na jana, 27 Julai 2025, ilikuwa Jumapili yangu ya kwanza nyumbani baada ya wiki tatu barabarani. Nilikuwa nimeipangia: asubuhi kanisani, mchana chakula na familia, saa 10 jioni langalanga (Formula One) ya Ubelgiji pale uwanja wa Spa-Francorchamps. Kifurushi cha king'amuzi nililipia tangu Ijumaa nikiwa Kibaigwa, nisije nikafika nyumbani nikakuta kioo kitupu. Binti yangu yuko darasa la sita na mchezo huu ameushika kunishinda mimi. Shabiki wa Lando Norris, dereva wa timu ya McLaren. Alikaa chini kwenye mkeka na daftari lake la hesabu, kachora mistari ya kuandika nani kaingia kubadili tairi na mzunguko wa ngapi.

Saa 10 ikafika. Magari yakatoka, yakazunguka mara moja nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia kuwapunguzia mwendo, yakarudi. Bendera nyekundu, yaani simama. Mvua.

Nje kwangu upepo wa Julai ulikuwa unapiga mabati, vumbi limejaa hadi kwenye vyombo. Sisi tone la mwisho tuliliona Aprili, na mpaka Desemba hatutegemei kitu. Mke wangu alipita akaangalia kwenye luninga ule msitu wa kijani unavyomwagiwa maji, akasema, "Mungu angetugawia hata robo." Akaenda kupanga madumu yake.

Tukasubiri. Dakika 20, 40, saa nzima. Wanaonyesha watu wenye miamvuli, mafundi wamefunika magari, rada ya mawingu, tena miamvuli. Mimi nilikaa tu, maana Jumapili ya namna hiyo sipati nyingi. Binti ndiye aliyekuja na maswali. La kwanza: "Baba, magari yao hayana waipa?" Nikamwambia hayana, dereva anaangalia kupitia kioo cha kofia yake. La pili ndilo lililonileta hapa. Akaniuliza, "Lakini wewe si unaendesha kwenye mvua? Wewe nani anakusimamisha?"

Nilimjibu kijuujuu, lakini halijanitoka. Sababu ni hii. Januari mwaka juzi nilibeba mahindi Kibaigwa kwenda Dar. Nimepita Gairo, natelemkia Dumila, mvua ikashuka ya kufunga mlango. Basi moja likaniovateki. Lilipoingia mbele yangu, maji yote ya barabarani yaliinuka kutoka kwenye tairi zake za nyuma yakanijia usoni. Waipa iko mwendo wa mwisho na haisaidii. Taa za basi sizioni, mstari wa pembeni siuoni, nasikia tu injini yangu. Nadhani ilikuwa kama kuhesabu moja mpaka tano. Ndani ya hiyo tano sikujua nishike breki au nisishike, kwa sababu nyuma yangu nako kulikuwa na semi ya mafuta, na yeye alikuwa hanioni kama mimi nisivyoliona basi.

Nilipopata pa kuchepukia nikachepuka. Nikawasha taa za dharura, nikakaa saa moja na nusu, utingo akalala. Tajiri akapiga simu: wenzako wameshapita Chalinze, wewe umeegesha kwa sababu gani? Nikamweleza. Hakunielewa, na safari ile nilikatwa posho. Watoto wangu sijawahi kuwasimulia hilo, na jana pia sikulisema.

Kwa hiyo swali langu wakuu, nauliza kwa nia ya kujua. Wale ni madereva 20 bora duniani. Wana tairi maalumu za mvua. Kwa nini wasiachiwe wenyewe, anayeweza aende, asiyeweza aegeshe? Na huyo anayeamua kuwa sasa basi, sasa twende, ni nani, na anaangalia nini? Mbio zilianza saa 11 na dakika 20, zimeisha saa moja kasoro usiku, Piastri, mwenzake Norris wa timu moja, kashinda, binti kalala na huzuni yake.

Fundi Tairi Kizota

Mkuu, pole kwa posho. Ngoja nikujibu upande wa tairi, ndiyo kazi yangu.

Siku ya jua wale wanatumia tairi kipara. Kipara kweli, halina mfereji hata mmoja, ili mpira wote ulale kwenye lami. Wewe ukikutwa nalo na trafiki unaandikiwa faini, kwao ndiyo tairi bora. Mvua ikinyesha kuna aina mbili: lenye mstari wa kijani ni la maji ya wastani, la bluu ni la maji mengi. Pirelli, wanaotengeneza tairi hizo, wanasema tairi la bluu likiwa kwenye kilomita 300 kwa saa linafukuza lita 85 za maji kwa sekunde. Tairi moja hilo! La kijani lita 30.

Piga hesabu. Matairi manne mara 85 ni lita 340. Ni madumu 17 ya lita 20, yanarushwa hewani kwa sekunde moja na gari moja. Hayo maji hayapotei. Yanakuwa ukungu, na ukungu huo anaupata aliye nyuma. Umeona mtego ulipo? Tairi likifanya kazi yake vizuri, la mbele linapona na la nyuma linapofuka. Uwezo wa dereva hauingii hapo. Ndiyo maana la bluu siku hizi karibu halitumiki kwenye mbio: maji yakiwa mengi kiasi cha kulihitaji, basi kuona kumeshakuwa hakuwezekani na mbio zimesimama. Jana zilipoanza wote walikuwa na la kijani.

Tena si tairi peke yake. Chini ya gari kuna njia za hewa zinazolivuta likae kwenye lami, na hewa hiyo inanyonya maji na kuyarusha juu kwa nyuma. FIA, shirikisho linalosimamia mbio hizi, walijaribu kufunika magurudumu kwa vizuia maji, 2023 na tena 2024. Haikutosha, maji yakaendelea kutokea chini ya gari.

Kwa hiyo basi lako la Gairo ndilo hilohilo, tofauti ni mwendo.

Area C Damu

Mimi napinga. Mvua ni sehemu ya mbio, na jana walituibia saa nzima ya mbio nzuri.

Wakuu wa zamani mnakumbuka mbio za Kanada, Montreal, Juni 2011? Kwetu zilianza saa 2 usiku zikaisha saa 6 imeshapita. Saa 4, dakika 4 na sekunde 39, hakuna mbio za Formula One zilizowahi kuchukua muda mrefu hivyo. Zilisimamishwa kwa muda wa saa mbili hivi, lakini zikarudi! Jenson Button aliwahi kuwa wa mwisho kabisa siku ile. Akapanda mmoja mmoja, mzunguko wa mwisho akamkuta Vettel, Vettel akateleza kidogo, Button huyo. Mimi nilikuwa kidato cha tatu, tumejazana sebuleni kwa mjomba, tulipiga kelele mpaka jirani akaja na tochi.

Au Brazili Novemba 2024. Verstappen alianza wa 17 akashinda, kwenye maji. (Siku ile wameivuta ratiba mbele kwa ajili ya hali ya hewa, mimi najua saa 2 usiku, nikawasha nikakuta wako katikati ya mbio. Bado inaniuma.)

Jana jua lilishatoka, lami inaanza kukauka, wao bado wamekaa. Walipoanza wakazungushwa mizunguko minne nyuma ya gari la usalama. Baada ya mizunguko kumi hivi Hamilton keshaingia kuweka kipara. Sasa hiyo ndiyo hatari gani? Verstappen mwenyewe alilalamika kwamba wamesubiri mno. Dereva bora kuliko wote anasema tungeenda, mtu wa ofisini anasema hapana. Mkuu wa Nkuhungu, mimi niko na wewe: waachiwe madereva.

Dereva wa Nkuhungu

Area C, asante, ila usinipe upande ambao sijauchukua. Mimi nimeuliza, bado sijaamua.

Fundi, hayo madumu 17 nimemsomea binti. Kayaandika kwenye daftari.

Muuguzi Chamwino

Habari kaka dereva. Mimi kazi yangu ni wagonjwa wa ajali, kwa hiyo naangalia mbio kwa jicho jingine, na naomba Area C anisome mpaka mwisho.

Uwanja ni huohuo wa Spa. Tarehe 1 Julai 2023, mbio za vijana, mvua. Kijana Mholanzi, Dilano van 't Hoff, miaka 18, gari lake liliishia katikati ya njia baada ya kile kilima cha Raidillon. Waliokuja nyuma walikuwa ndani ya ukungu anaousema fundi. Mmoja akamgonga. Alifariki. Hakuuawa na kuteleza kwake. Aliuawa na kutoonekana, na aliyemgonga hakuwa na uwezo wowote wa kumwona. Hapo utasema anayeweza aende? Aende kumgonga nani?

Suzuka, Oktoba 2014, mvua, jioni inaingia. Jules Bianchi aliteleza akaigonga mashine iliyokuwa inaondoa gari jingine lililotangulia kuteleza palepale. Alikaa bila fahamu hadi Julai 2015, akafariki akiwa na miaka 25.

Watu wengi nyumbani hawaoni kitu kimoja: helikopta. Pale Spa wako msituni, milimani. Wingu likishuka helikopta ya wagonjwa haiwezi kuruka, na kama haiwezi kuruka basi majeruhi anaenda kwa barabara. Dakika za jeraha la kichwa nazijua mimi, nimezihesabu nikiwa nyuma ya gari la wagonjwa kwenye barabara ya vumbi. Kwa hiyo wanaposema tunasubiri, mara nyingine lami yenyewe haina shida. Wanasubiri mawingu yapande.

Swali la nani anaamua: anaitwa mkurugenzi wa mbio. Jana alikuwa Rui Marques. Hakai akabahatisha. Ana rada ya hali ya hewa, anasikiliza madereva redioni, na anamtuma dereva wa gari la usalama azunguke amletee habari. Huyo ni Mjerumani, Bernd Mayländer, yuko kwenye kiti hicho tangu 2000. Ukimwona amewasha taa anazunguka peke yake kwenye maji, anapima pale ambapo wewe ungepita na mahindi yako.

Area C Damu

Dada, ya vijana wale nayajua na nayaheshimu. Nilimwona Bianchi akipata pointi zake Monaco mwaka uleule. Hoja yangu ni ya jana tu, jua lilipokuwa limetoka. Kuna tofauti ya kungoja hatari ipite na kungoja kwa kuwa unaogopa kulaumiwa.

Muuguzi Chamwino

Hiyo tofauti ipo. Mimi bora nilaumiwe kwa kungoja.

Mzabibu Hombolo

Mnamlalamikia wa jana, hamkumbuki 2021? Spa hapohapo, 29 Agosti. Mimi nilikuwa nimetoka shambani, tulikuwa tunavuna zabibu, nikawahi saa 10. Tumekaa mpaka saa moja na robo usiku ndipo wakatoka, wakazunguka mizunguko michache nyuma ya gari la usalama bila mtu kuruhusiwa kumpita mwenzake, basi. Bendera nyekundu. Verstappen akapewa ushindi na nusu ya pointi, 12.5 badala ya 25. George Russell na gari lake la Williams akawa wa pili, Hamilton wa tatu. Watu walioko uwanjani wamelowa siku nzima, hawajaona hata gari moja likiovateki.

Hapo ndipo nilikasirika kweli. Kusimamisha kwa mvua sina shida nako. Kuita ile mbio na kugawa pointi ndiko kuliniuma. Nashukuru mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa: bila angalau mizunguko miwili ya mbio halisi, isiyo ya nyuma ya gari la usalama, hakuna pointi.

Mzee wa Kondoa

Wanangu, salamu kwenu. Mimi ni wa redio. Langalanga siifuatilii sana, ila mjukuu wangu kanisomea mazungumzo haya kwenye simu na nina neno kwa huyo dereva.

Sisi tulikuwa na Safari Rally ya Afrika Mashariki, ile iliyoanza 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ilikuwa inafanyika wakati wa Pasaka, na Pasaka unaijua ni masika. Mwaka 1968 nilikuwa shule ya msingi. Mvua mwaka ule zilikuwa za kutisha. Magari mengi sana yalianza, yakamaliza saba tu. Saba! Na miaka mitano nyuma, 1963, ilikuwa vilevile, saba tu. Mshindi mara zote mbili Nick Nowicki, na Peugeot 404. Kwa sababu hiyo wazee wengi wa rika langu hawakutaka kusikia gari jingine zaidi ya Peugeot.

Hakuna aliyewasimamisha kwa mvua. Mtu alikwama kwenye tope, wanakijiji wakamsukuma, akaendelea au akabaki pale. Kwa hiyo huyo wa Area C anaweza kusema, mbona zamani waliachiwa?

Waliachiwa kwa sababu kila gari liliondoka kwa wakati wake. La kwanza, dakika zinapita, la pili, dakika zinapita. Maji ya mwenzako yalikuwa yameshatua chini wewe ulipofika. Ukianguka umeanguka mwenyewe na korongo lako. Hao wa Ubelgiji wanaondoka ishirini kwa pamoja. Hapo uamuzi wa mmoja unamwangukia mwingine. Hata leo Safari Rally ya Kenya, ile ya Naivasha, wanakwenda mmoja mmoja, na mvua ikinyesha wanakwenda.

Fundi Tairi Kizota

Mzee, shikamoo. Hapo umemaliza kabisa kitu nilichokuwa nakitafuta tangu asubuhi.

Area C Damu

Shikamoo mzee. Ya kuondoka mmoja mmoja sikuwa nimeiwaza. Kwenye hilo naikubali. Ya jana bado sijaikubali.

Dereva wa Nkuhungu

Mzee wangu, shikamoo, na mshukuru mjukuu kwa kukusomea. Dada muuguzi, fundi, wote asanteni sana. Nimesoma yote nikiwa gereji, wanabadili springi za nyuma.

Mzee kanifungua. Siku zote nilikuwa naisimulia ile ya Gairo moyoni kama jambo langu na mvua. Je, niliogopa? Je, naweza kuendesha au siwezi? Hata tajiri aliliweka hivyohivyo, kwamba wenzako wameweza. Kumbe siku ile kulikuwa na basi, mimi na semi ya mafuta, watatu ndani ya maji mamoja, na hakuna hata mmoja anayejua mwenzake atafanya nini. Mimi kuchepuka kulimwondolea yule wa semi kitu kimoja cha kugonga. Hakunijua na hatanijua. Basi nalo lilikuwa na abiria sitini na kitu.

Machi 2020 nilikuwa kwenye foleni pale Kiyegeya maji yalipokata barabara ya Morogoro na Dodoma. Tulilala pale, malori kwa mabasi, tunanunuliana maji na mihogo. Siku ile hakuna tajiri aliyempigia mtu kumuuliza umeegesha kwa nini, maana barabara haikuwepo, kila mtu ameona kwenye taarifa ya habari. Tunachokosa sisi madereva ni ile hali ya katikati: barabara ipo, lakini haionekani. Hapo huna wa kukuambia simama, na ukisimama mwenyewe unalipia. Wale wa Spa jana walikaa saa moja na dakika 20, na hakuna aliyerudi nyumbani na mshahara pungufu. Verstappen analalamika, sawa, haki yake. Lakini analalamika akiwa mzima, na hata Norris aliyetaka kushinda amelala nyumbani kwake na nafasi ya pili.

Area C, kwenye ya jana huenda uko sahihi kwamba walizidisha. Mimi pia niliona jua. Ila nimejiuliza: kama yule mkurugenzi angekuwa ndiye aliyenipigia ile simu badala ya tajiri, Januari ile, ningependa azidishe au apunguze? Ningependa azidishe. Nusu saa ya mahindi haiozi.

Jioni hii nimemsimulia binti. Nimemwambia kila kitu, basi, semi, saa moja na nusu, na posho. Alinyamaza kidogo halafu akauliza ilikuwa shilingi ngapi. Nikamtajia. Akaiandika kwenye daftari, ukurasa uleule wa Spa, chini ya madumu 17.

Kesho alfajiri napakia alizeti Singida. Anataka kujua kama Jumapili nitakuwepo. Mbio ni Hungaria, tarehe 3 Agosti, saa 10 jioni. Nimemwambia nikichelewa aandike yeye, mizunguko yote, nitaisoma nikifika.